Maji Hayajaiva

Mwezi uliopita nilitoka Mwisenge asubuhi kwenda Nyakato, hapa hapa Musoma, kwenye msiba wa Wambura. Nilipanda bodaboda, jambo ambalo wajukuu wangu wamenikataza, na nilipofika uani kwa binti yake nilikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Chini ya turubai mwanamke mmoja mnene, wa umri wa makamo, alinipa kikombe cha maji. Kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimekwisha kukiinua kwenye mwanga na kufumba jicho moja. Ndivyo ninavyofanya. Nimefanya hivyo harusini, kanisani na hospitalini kwa zaidi ya miaka arobaini, na wanaonifahamu huona ni maringo ya usomi. Kikongwe aliyekaa kwenye mkeka karibu nami akacheka bila meno. "Bado unaangaliaga maji, Msomi?" akasema. "Na siku zile ulikuwa na macho mazuri." Alikuwa Nyangeta. Nililala nyumbani kwake miezi minane nikiwa msichana, na ni yeye peke yake aliyebaki duniani anayeniita Msomi kwa sauti ambayo si sifa wala si tusi. Nilitaka kumjibu kitu cha kuchekesha, kama tulivyozoea, lakini macho yake yalikuwa bado kwenye kikombe. Nikakiweka chini kando ya mguu wangu, bila kunywa, na yeye akakiona.

Ulikuwa mwaka ule watu walipohamishwa kutoka kwenye miji yao ya ukoo iliyotawanyika na kupangwa kwa mistari katika vijiji vya ujamaa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na shahada ya biolojia kutoka Chuo Kikuu, na ugonjwa wangu ulikuwa kuuliza. Nilimwuliza padri, niliwauliza wakubwa wa chama, nilimwuliza mwenye hoteli kwa nini chai inaitwa ya maziwa. Ofisini Bunda, siku ya tatu tu ya kazi, niliuliza kwa nini kijiji chenye watu wengi kiasi kile kimewekwa mahali ambapo maji yake ni lambo moja la ng'ombe. Wiki iliyofuata mkuu wangu wa kazi aliniita na kuniambia kwamba kwa kuwa kijiji hicho kinaniuma sana, niende nikakae huko. "Ni mbele ya Mugeta, mwendo wa saa mbili kwa miguu," alisema. "Kuna mtu anaitwa Wambura. Anasema anasafisha maji kwa matope, na analima mboga bila udongo. Mgeni wetu, kiongozi wa mkoa, amesikia habari zake, anataka kwenda kuona kwa macho yake. Wewe nenda kabla. Utuambie kama ni mvumbuzi au mwongo. Kama ni mwongo utuambie mapema." Nilifurahi. Nilijiona nimepewa kazi iliyoumbwa kwa ajili yangu, kwa maana katika umri ule nilikuwa nimeshaamua kwamba karibu kila mtu ni mwongo, ila tu hajapimwa.

Lambo ndilo lilikuwa kitu cha kwanza kuniogopesha. Lilikuwa na rangi ya chai iliyochujwa mara mbili. Upande mmoja ng'ombe waliingia mpaka tumboni, upande wa pili wanawake walisukuma utando wa majani kwa mkono na kuchota. Kabla ya kuhamishwa, kila mji ulikuwa na chemchemi yake au shimo lake la mchanga mtoni. Sasa wote walikunywa hapo. Nyuma ya nyumba za mstari wa pili palikuwa na vilima vidogo vitatu vya udongo mpya, vifupi kuliko jembe. Nilipomwuliza Nyangeta ni vya nini aliniangalia kama mtu anayemtazama mgeni akikanyaga mkeka kwa viatu, akasema, "Watoto." Alikuwa na watoto wanne, na wa mwisho, Bhoke, alikuwa na miaka mitatu, ana tumbo la mbele na sauti ya mzee.

Nilipewa chumba ambacho msimu mwingine kilikuwa stoo ya pamba. Usiku na mchana kilinukia mbegu za pamba, harufu nzito ya mafuta, na nyuzi nyeupe zilikuwa zimenasa kwenye udongo wa ukuta kama mvi. Kitanda kilikuwa cha kamba. Dirisha lilikuwa tundu la ukubwa wa sahani, na kwa tundu hilo nilisikia kila kitu kilichosemwa jikoni, kwa kuwa jiko lilikuwa la mafiga matatu tu, ubavuni mwa nyumba. Tulikula ugali wa udaga wa muhogo na mtama, mweusi, unaovutika, na dagaa waliotoka ziwani kwa gunia, au mlenda, au maziwa mgando siku za bahati. Wanawake wa mstari wetu walikuja kusongea ugali hapo na kuzungumza. "Huyu msichana anaulizaga mpaka chumvi imetoka wapi," nilimsikia mmoja akisema. "Jana kaniuliza kwa nini namfunga mtoto uzi kiunoni." Nyangeta akamjibu, "Mwacheni. Kasomeshwa na kodi zenu, sasa anataka kuzirudisha." Walicheka mpaka mwiko ukaanguka. Nilikaa kitandani nikiwa nimejikunyata, nusu nimekasirika, nusu nataka kutoka nikacheke nao.

Wambura alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye vidole vitatu mkono wa kushoto. Viwili vilibaki kwenye mashine ya kuchambulia pamba alikokuwa kibarua. Kabla ya hapo alikuwa akiwachanganyia saruji mafundi wa misheni moja, na huko aliona tangi la mchanga la masista, akalikumbuka. Mtambo wake aliujenga kwa vitu vilivyotupwa. Kutoka lambo maji yaliingia kwenye mfereji mrefu uliojaa kokoto tupu, hauna hata konzi ya udongo. Humo kwenye kokoto kulikuwa na matete, na kati ya matete kulikuwa na mchicha na nyanya, kijani ambacho sikukiona kwingine kokote kijijini wakati ule wa kiangazi. Mbegu aliziotesha kwenye pamba chafu iliyoloweshwa, kisha akaipenyeza miche kati ya mawe, mizizi ikaning'inia ndani ya maji na kula kile kilichokuwa kinatuua. Mwisho wa mfereji maji yalidondoka taratibu kwenye mapipa matatu yaliyojaa mchanga, na chini ya kila pipa palikuwa na tundu lenye kizibo cha mti. Wanakijiji walikunywa maji ya mapipa, lakini mboga walizikataa. Waliziita mboga yatima. "Haina mama," walisema. "Mboga isiyojua udongo italijuaje tumbo lako?" Nyangeta ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzipika, na alifanya hivyo kwa sababu mtu fulani alimwambia asizipike.

Kitu kilichonikera kilikuwa juu ya mchanga wa yale mapipa. Palikuwa na utando, kahawia na kijani, unene wa ngozi ya maziwa, wenye ute. Ukiugusa ulirudi polepole kama kitu kilichoudhika. Wambura hakuruhusu mtu auguse. "Huo ndio mtambo," aliniambia. "Mchanga ni kitanda chake tu. Huo ni hai, ndio unakula uchafu. Ukiutoa, maji yanapita yalivyo. Unasubiri wiki tatu mpaka yaive tena." Nilimwuliza amejuaje kuwa ni hai. "Mara ya kwanza nilisafisha," alisema, "tumbo likaniendesha siku nne. Mara ya pili nikasafisha, nikaendesha siku nne. Mara ya tatu nikaacha. Ninyi shuleni mlikuwa mnaendeshaga mara ngapi ndipo mnaamini?" Nilicheka, lakini sikuamini. Mambo ya vijidudu niliyajua. Niliyaona kwa hadubini. Vijidudu niliofundishwa walikuwa maadui, na mtu huyu alikuwa ananiambia kwamba amewaajiri. Aliona uso wangu akajaribu njia nyingine. "Kibuyu cha maziwa," alisema. "Mwanamke gani wa hapa anakisugua kwa sabuni? Akikisugua, maziwa yanaoza, hayagandi. Kuna kitu kinakaaga mle ndani, ndicho kinafanya kazi. Basi na hapa kipo." Katika daftari langu la kazi, ambalo ninalo mpaka leo, niliandika siku ile: *Maelezo yake ni ya vibuyu. Hayana msingi.* Nilijaza chupa moja ya maji ya pipa nikaituma kwa lori kwenda maabara Musoma, nikangoja. Na kwa kuwa nilikuwa sijapata jibu, sikumwambia mtu yeyote kijijini kuhusu kibuyu. Niliona ni aibu mtaalamu kurudia maneno yasiyo na msingi.

Kisha ikaja habari kwamba mgeni wa mkoa atafika Jumamosi, ataona mtambo, atakunywa maji mbele ya watu, kisha ataendelea Butiama. Katibu wa kata, mtu mfupi mwenye suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, alitangaza kwamba kizibo cha mti ni aibu, lazima iwepo koki ya chuma. Wambura akaondoka Jumanne kwenda kwa fundi mmoja Butiama kutafuta koki. Kijiji kikaanza kujiandaa kama watu wa kule wanavyojiandaa kwa mgeni, yaani kwa hofu na furaha isiyotenganika. Nyumba zilisiribwa upya kwa udongo na samadi. Njia zilifagiliwa mpaka mizizi ya miti ikaonekana. Masufuria yalisuguliwa kwa majivu na majani ya msasa mpaka ukajiona uso. Mgeni wa kule hakaribishwi mahali penye uchafu hata kidogo. Wanasema uchafu ndio unaomweleza mgeni wewe ni nani kabla hujafungua mdomo. Na siku ya Jumatano zamu ilifika kwenye mapipa.

Walikuwa wanawake sita. Nyangeta aliwaongoza, amejifunga khanga kiunoni, Bhoke akimfuata na ndoo isiyo na mpini. Nilikuwa nimekaa kando ya mfereji ninahesabu majani ya mchicha. "Msomi," Nyangeta aliita, "huu ute tuutoe? Wambura alikatazaga. Lakini mgeni akiona hivi atasema tunakunywa kamasi." Wote wakaniangalia. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko dakika nyingine yoyote ya maisha yangu, na kila ninapoirudia ninatafuta ndani yake msichana aliyekosea kwa kutojua. Simpati. Ninampata msichana ambaye jibu lake kutoka Musoma lilikuwa halijafika, na ambaye ghafla aliona kwamba hapa kuna jaribio zuri kabisa: pipa lenye utando, pipa lisilo na utando, maji yale yale. Sikuwaza kwamba katikati ya jaribio kuna matumbo. Au niliwaza, nikalisukuma wazo pembeni kama wanawake walivyosukuma majani lamboni. Nikasema, "Toeni."

Walisugua vizuri sana. Mchanga waliutoa, wakauosha kwa maji ya lambo mara tano, wakaurudisha ukiwa mweupe. Jioni ile maji yaliyotoka kwenye vizibo yalikuwa maangavu kuliko nilivyowahi kuyaona. Wanawake walipiga vigelegele, wakavifunga vizibo mpaka mgeni aje, na nyumbani tukabaki na akiba ya mitungi. Nilijaza chupa ya pili, nikaiandika namba, nikaipakia kwenye lori la Alhamisi. Ni chupa hiyo inayonishtaki, kwa sababu mtu asiyejua hajazi chupa ya pili.

Jumamosi Wambura alifika amechelewa, lori lilimharibikia njiani, na mgeni alikuwa tayari amekaa kwenye kiti chenye kitambaa. Koki mpya ilikuwa mfukoni mwake, imevimbisha suruali. Alipita katikati ya watu moja kwa moja hadi kwenye mapipa, akachungulia la kwanza, la pili, la tatu. Hakupiga kelele. Aligeuka akanitafuta kwa macho mimi, si mwingine, kisha akamwelekea mgeni. "Ndugu Mgeni," alisema, "samahani. Maji hayajaiva." Katibu akasema, "Yataiva na ugali?" na watu wakaangua kicheko, mgeni naye akacheka, kwa upole, kama mtu aliyezoea vijiji. Wambura akarudia, "Hayajaiva, ndugu. Wiki tatu." Katibu akamshika mkono juu ya kiwiko, akitabasamu, na nikaona vidole vyake vikizama kwenye nyama. Mgeni alikunywa kikombe kizima. Watu wakapiga makofi. Wakanywa viongozi, wakanywa wazee, wakapanga foleni wanawake na watoto, na watoto walirudi mara mbili mbili kwa sababu ilikuwa sikukuu. Bhoke alikunywa kikombe chake na cha dada yake.

Nami nilipewa changu. Ninakumbuka kilikuwa kikombe cha bati chenye ukingo wa bluu, na ubaridi wake ulinipanda mpaka kwenye bega. Nilikuwa nimesimama mwisho wa foleni, karibu na mfereji. Kichwa changu kilikuwa bado kinasema kwamba Wambura hana msingi. Mkono wangu haukusubiri kichwa. Nililowesha midomo, nikageuka kama mtu anayeutazama mchicha, nikamwaga maji yote kwenye kokoto. Yalipotea kati ya mawe bila sauti. Kisha nikainua kikombe kitupu kama wenzangu, na nikapiga makofi.

Siku mbili hakikutokea kitu, na watu waliendelea kuchota kwenye mapipa. Hakuna aliyechemsha, kuni zilikuwa mbali na maji yalikuwa yanang'aa. Mimi nilikunywa chai tu. Siku ya tatu nilimsikia kwa tundu la dirisha mtoto wa jirani akilia kilio chembamba, na mama yake akisema, "Hata uji anarudisha." Mpaka saa sita mchana nyumba saba zilikuwa na mgonjwa. Jioni Bhoke aliniletea ndoo yake isiyo na mpini, akasema kwa sauti yake ya kizee, "Msomi, tumbo," akakaa chini. Asubuhi iliyofuata macho yake yalikuwa yamezama, na nilipofinya ngozi ya tumbo lake ilibaki imesimama. Nilijua maana yake: mwili umekaukiwa maji. Niliifanyia mtihani, nikapata alama nzuri. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mbele ya kile kikunjo cha ngozi, kidogo kama kucha, kinachokataa kulala. Nilimwambia Nyangeta achemshe maji, yote, kila tone, na tukapika uji mwepesi wa mtama wenye chumvi. Nikamnywesha kijiko kimoja kimoja, kutwa nzima, huku nikihesabu, na nikitoka kwenda kuwaonyesha wengine namna hiyo hiyo nyumba kwa nyumba. Wanawake walinishukuru. Mmoja alinibusu mkono. Nilitaka ardhi ifunguke.

Siku ya tano ikaja habari kwamba mgeni naye ameugulia Butiama. Hapo jambo likabadilika jina. Halikuwa tena ugonjwa, lilikuwa hujuma. Mgambo wawili walimchukua Wambura akiwa anakata matete, wakamfungia katika ghala la pamba, na Katibu akatangaza kwamba Ijumaa kutakuwa na mkutano, kisha lori litampeleka Musoma. Mwaka ule neno hilo lilikuwa linameza watu. Mtu alipakiwa nalo, na mkewe alikaa miezi akiuliza bila kujibiwa. Nilikwenda ofisini kwa Katibu, nikamwambia kwamba ni mimi niliyesema utando utolewe. Alifunga mlango. "Ndugu Mtaalamu," alisema kwa sauti ya chini, "wewe umeletwa na serikali. Serikali inaweza kukosea kuhusu kamasi?" Nikasema ilikosea. "Haikukosea. Umechoka kwa kuhudumia wagonjwa. Nenda kapumzike." Nilipotoka nilipita karibu na ghala. Kati ya mbao mbili nikaona jicho. "Mapipa yana siku ngapi sasa?" Wambura aliuliza. Nikamwambia. "Msiguse," akasema. "Yameanza kushika." Hakuniuliza kingine, na ningependa aniulize.

Mkutano ulifanyika mchana, juani, kwenye uwanja mbele ya ghala. Lori lilikuwa limesimama na injini inaunguruma, ili watu waelewe. Bhoke nilimwacha kwa dada yake, hajakojoa tangu alfajiri. Katibu alisoma makosa ya Wambura: kudharau mgeni, kutia uchafu katika maji ya taifa. Ndipo nikasimama. Sikuwa nimeamua, ilikuwa kama ule mkono na kikombe, mwili ulitangulia, ila safari hii ulitangulia upande mwingine. Nilisema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu mgonjwa, "Wambura alikataza. Mimi ndiye nilisema utando utolewe." Katibu akasema, "Ndugu, kaa." Nikasema tena. Akasema, "Kaa!" Nikaona mgambo mmoja anahamisha bunduki kutoka bega moja kwenda jingine, na nikajua kwamba nikikaa sitasimama tena maisha yangu yote.

Nyangeta akainuka kati ya wanawake. "Ni kweli," alisema. "Tulimwuliza, akasema toeni. Tuko sita, tuulizeni." Wengine watano wakainuka, mmoja mmoja, wakijipangusa vumbi makalioni. Kisha Nyangeta akanigeukia mimi na kumwacha Katibu. "Lakini kwa nini utando usiguswe? Hilo ndilo hukusema." Nikamwambia mbele ya kijiji kizima yale ya kibuyu, kama Wambura alivyoniambia. Watu walianza kuguna. Mama mmoja mzee akapiga mapaja yake. "Ungetuambia ni kama kibuyu," Nyangeta alisema, "nani angegusa?" Hakuisema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepima nguo akakuta imepungua kidole kimoja.

Wambura hakupakiwa. Watu walijazana mbele ya mlango wa ghala, wakawa wengi kuliko neno la Katibu, na lori likaondoka na pamba tu. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye mapipa, akainama, akanusa. "Bado wiki mbili," alisema. Kisha akanitazama. "Na wewe? Tumbo lako?" Nikasema halina neno. "Ulikunywa?" "Nilikunywa," nikasema. Akatikisa kichwa. "Basi una tumbo la chuma. Andika na hilo." Niliporudi nyumbani dada yake Bhoke alikuwa amesimama mlangoni akicheka na kulia, Bhoke alikuwa amekojoa, mkojo mwingi, katikati ya kitanda changu cha kamba.

Majibu ya Musoma yalikuja mwezi uliofuata katika bahasha moja. Chupa ya kwanza, ile ya utando, ilikuwa safi kiasi ambacho mtu wa maabara aliandika pembeni akiuliza ni chemchemi gani. Ya pili ilikuwa lambo tupu. Niliandika ripoti nzuri, ndefu kupita kiasi, yenye kibuyu ukurasa wa kwanza. Ofisini iliwekwa kabatini, mimi nikahamishwa, na vijiji vingine havikupata mapipa. Wambura aliendelea na yake mpaka uzee ukamleta mjini kwa binti yake, na nilipokuwa nikimtembelea Nyakato tulizungumza juu ya nyanya zake za kwenye makopo, alizootesha barazani kwa kokoto, na kamwe hatukuzungumza juu ya kikombe cha bati. Nimefundisha miaka mingi. Nimewaambia wanafunzi wangu waulize kila kitu. Sikuwaambia kwamba kuna swali niliwahi kuliuliza kwa kutumia watoto wa watu, na kwamba jibu lilipokuwa mkononi mwangu nililimwaga.

Pale msibani, waombolezaji walipokwenda kunawa, Nyangeta alinyoosha mguu wake mkavu akakigusa kikombe nilichokiweka chini. "Siku ile hukunywa," alisema. Nilijifanya sikusikia. "Niliona. Ulimwagia mchicha." Nikamwuliza kwa nini hakusema mkutanoni. "Ningesema, wangekufukuza hapo hapo," alisema. "Na mwanangu alikuwa anahitaji mtu wa kuhesabu vijiko." Kisha nikauliza lile nililoliogopa zaidi, kama Wambura alijua. "Nilimwambia jioni ile ile alipotoka ghalani." "Akasema nini?" Kikongwe akacheka tena, ufizi mtupu. "Alichekaga sana. Alisema, basi huyu msichana ameuamini utando kabla yenu ninyi wote."

Yule mwanamke mnene alikuwa amerudi kukusanya vyombo. Alisimama mbele yangu, sinia kiunoni, akinyoosha mkono. "Mama, hujanywa," alisema, kwa sauti nzito ambayo alikuwa nayo tangu akiwa na miaka mitatu. Nikamwuliza kama maji yamechemshwa. "Ya bomba hayo, mama," Bhoke akasema. "Sisi tunakunywaga hivyo hivyo." Alikuwa anasubiri kikombe. Mama yake alikuwa ananitazama. Nilikiokota, sikukiinua kwenye mwanga, nikanywa yote, na niliogopa mpaka tone la mwisho.